Ukoko wa Chokaa Katika Maji ya Nyumbani: Chanzo Chake, Hasara Zake na Njia Salama za Kuuondoa

Katika nyumba nyingi za Tunduma, Vwawa, Mlowo na vijiji vinavyozunguka miji hiyo, siku huanza kwa kuchemsha maji. Baridi ya nyanda hizi za juu, hasa miezi ya Juni na Julai, haimruhusu mtu kuoga maji ya bomba yalivyo. Birika huwekwa jikoni, hita hutumbukizwa kwenye ndoo, na baada ya miezi michache mwenye nyumba huona jambo lile lile: utando mweupe, mgumu kama saruji, umeshika ndani ya birika na kuuzingira waya wa hita. Maji yanachelewa kuchemka, mkaa au umeme unatumika zaidi, na siku moja hita inaungua.

Utando huo ni ukoko wa chokaa. Nyumba yenye bwawa la kuogelea huuona kama mstari mweupe unaokwaruza kwenye vigae, pale maji yanapokutana na hewa. Nyumba ya wageni huuona katika matundu ya bomba la mvua yaliyoziba. Mahali ni tofauti, lakini chanzo ni kimoja, na anayekielewa anaweza kuuzuia bila gharama kubwa na bila kuhatarisha maisha yake.

Jiwe linalosafiri ndani ya maji

Maji ya mvua yanapoanguka huwa hayana madini. Yakipita angani na kuzama katika udongo, huchukua hewa ya kabonidayoksaidi na kuwa na uchachu mdogo sana. Uchachu huo, ingawa ulimi hauuhisi, unatosha kuyeyusha kidogo kidogo miamba yenye kalsiamu na magnesiamu. Maji yanayotoka kisimani, hata yawe meupe kama kioo, huwa yamebeba jiwe lililoyeyuka. Maji yenye madini hayo kwa wingi huitwa maji magumu, na yenye madini machache huitwa maji laini.

Jiwe hilo hubaki limeyeyuka kwa sababu ya ile hewa iliyomo ndani ya maji. Hewa ikitoka, maji hayawezi tena kulibeba jiwe, nalo hurudi kuwa jiwe. Kuchemsha huitoa hewa hiyo kwa haraka, ndiyo maana ukoko hushika zaidi kwenye birika na hita kuliko kwenye ndoo ya maji baridi.

Wakazi wa mkoa huu hawana haja ya kwenda mbali kuona kanuni hiyo ikifanya kazi kwa ukubwa wake. Katika bonde la mto Songwe unaotiririka kuelekea Ziwa Rukwa, ambao si ule Songwe mwingine unaopita mpakani na Malawi na kuingia Ziwa Nyasa, zipo chemchemi za majimoto. Maji yake hupanda kutoka kina kirefu kupitia nyufa za Bonde la Ufa, yakiwa yamejaa hewa na chokaa. Yakifika juu hewa hutoka, na chokaa huganda tabaka juu ya tabaka. Kwa muda mrefu sana yamejenga miamba mikubwa ya chokaa katika bonde hilo. Ukoko wa birika ni mdogo wa miamba hiyo: umezaliwa kwa njia ile ile, tofauti ni ukubwa na umri.

Haimaanishi kwamba maji yote ya mkoa ni magumu. Maji ya vijito vya milimani na maji ya mvua kwa kawaida ni laini. Maji ya visima hutegemea mwamba ambamo yamekaa, na visima viwili vilivyo katika mtaa mmoja vinaweza kutofautiana. Kwa hiyo ni makosa kununua dawa au mtambo kwa kuwa tu jirani amenunua. La kwanza ni kuyapima maji yenyewe.

Kuyatambua maji magumu

Kipo kipimo rahisi cha nyumbani. Chukua chupa safi inayoonesha, uijaze nusu kwa maji ya kupimwa, tia vipande vidogo vya sabuni ya mche, funga na utikise kwa nguvu. Fanya vivyo hivyo kwa chupa ya pili yenye maji ya mvua. Maji laini hutoa povu jingi linalodumu. Maji magumu hutoa povu hafifu, na juu yake huelea utando mchafu kama maziwa yaliyokatika. Sabuni ya unga haifai kwa kipimo hiki, kwa kuwa imetengenezwa itoe povu hata katika maji magumu.

Anayetaka tarakimu kamili hupeleka sampuli maabara, ambako ugumu hutajwa kwa miligramu za chokaa katika lita moja ya maji. Maji yaliyo chini ya miligramu 60 huhesabiwa kuwa laini, kati ya 60 na 120 yana ugumu wa wastani, kati ya 120 na 180 ni magumu, na yaliyozidi 180 ni magumu sana. Wizara ya Maji inayo maabara ya ubora wa maji jijini Mbeya inayopokea sampuli za wananchi. Kabla ya kujaza chupa, mhusika aulize maabara namna ya kuchukua sampuli, kwani chupa iliyokuwa na soda au mafuta huharibu majibu.

Hesabu ndogo inaonesha kwa nini tarakimu hiyo ina maana. Familia inayochemsha lita 20 kwa siku, kwa maji yenye miligramu 250, huingiza jikoni gramu 5 za chokaa kila siku. Hata kama nusu yake tu itaganda, katika mwaka mmoja vyombo vya nyumba hiyo vitakuwa vimebeba karibu kilo moja ya jiwe.

Afya: la kuogopa na lisilo la kuogopa

Wengi huuliza kama ukoko wanaouona kwenye birika unajijenga pia tumboni au katika figo. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha ugumu wa maji kwa sababu za kiafya. Kalsiamu na magnesiamu ni madini ambayo mwili unayahitaji. Mgonjwa wa figo afuate ushauri wa daktari wake, lakini mtu mwenye afya hana sababu ya kuyakimbia maji kwa sababu ya ukoko peke yake.

Yapo mawili yanayostahili tahadhari zaidi. La kwanza ni vijidudu: maji meupe, yawe magumu au laini, yanaweza kubeba kipindupindu na homa ya matumbo. Asiyeyachemsha kwa kuogopa ukoko anaepuka hasara ndogo na kuikaribisha kubwa. La pili ni floridi, madini ambayo yakizidi huharibu meno na mifupa ya watoto, na ambayo kikomo chake katika maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita. Floridi haionekani, haina ladha, na haiondoki kwa kuchemsha. Kwa hiyo anayechimba kisima na kupeleka sampuli maabara asiulize ugumu peke yake. Aulize pia floridi na vijidudu.

Kuondoa ukoko jikoni na bafuni

Ukoko wa chokaa unaogopa uchachu. Kabla ya kuanza kazi, dondoshea siki kidogo juu ya utando. Ukitoa vipovu, ni chokaa na siki itauondoa. Usipotoa vipovu, huenda ni madini mengine na siki haitasaidia. Utando wa rangi ya kahawia au kutu, kwa kawaida, ni chuma kilichomo katika maji au kutu ya bomba.

Kwa birika, changanya siki na maji kwa kiasi sawa hadi kufunika ukoko, pasha moto bila kuacha yachemke sana, kisha acha kwa muda wa nusu saa hadi saa moja. Mwaga, sugua kwa kitambaa, suuza mara mbili, chemsha maji matupu mara moja na uyamwage. Maji ya ndimu au malimau hufanya kazi ile ile. Hita ya umeme ichomolewe kwanza kwenye umeme na kupoa, ndipo sehemu ya chuma peke yake ilowekwe. Ukoko usibanduliwe kwa kisu, kwani mikwaruzo huwa mahali ambapo ukoko mpya utashika kwa haraka zaidi.

Kwa bomba la mvua lililoziba, kichwa chake kifungwe ndani ya mfuko wenye siki usiku kucha, kisha kisuguliwe kwa mswaki wa zamani. Siki isimwagwe juu ya marumaru asilia wala sakafu ya saruji iliyong'arishwa, kwa kuwa nazo zina chokaa na zitalika.

Bomba la chuma ambalo limejaa ukoko ndani kwa miaka mingi halina dawa ya nyumbani. Kumimina tindikali humo huharibu viungo na kuchafua maji ya kunywa. Fundi bomba alikague, na palipoziba pabadilishwe kwa bomba la plastiki.

Tangi nalo lina utaratibu wake. Chokaa na tope hutua chini, kwa hiyo bomba la kutolea maji ya matumizi liwe juu kidogo ya sakafu ya tangi, na kuwe na koki ya chini ya kutolea masimbi. Tangi lioshwe kwa brashi na kusuuzwa, kisha litiwe klorini kwa kipimo kinachoelekezwa na afisa afya. Mtu asiingie peke yake ndani ya tangi refu au kisima: hewa ya humo inaweza kuwa haba, na wengi wanaojaribu kumwokoa mwenzao huanguka juu yake.

Shabu hutuliza tope, lakini haiondoi ugumu wa maji. Vidonge vya klorini huua vijidudu, navyo haviondoi ugumu. Kinachopunguza ugumu nyumbani ni kuchemsha na kuacha maji yatulie, au kutumia maji ya mvua kwa kufulia na kwa kuchemshia maji ya kuoga.

Bwawa la kuogelea: mahali ambapo madini hayatoki

Mabwawa ya kuogelea bado ni machache katika kata zetu, lakini hujengwa katika nyumba za wageni na katika baadhi ya nyumba za watu binafsi. Tatizo lake ni kwamba maji huondoka kwa njia ya mvuke, na mvuke haubebi chokaa. Kinachobaki huongezeka.

Chukua bwawa la mita 8 kwa 4, lenye kina cha wastani cha mita 1.25. Linabeba lita 40,000. Likijazwa maji ya kisima yenye miligramu 250, tayari lina kilo 10 za chokaa. Ikiwa jua na upepo wa kiangazi vinapunguza milimita 5 kwa siku, lita 160 hupotea kila siku, sawa na lita 4,800 kwa mwezi. Mwenye bwawa hujazia kwa maji yale yale ya kisima, na kila mwezi anaongeza kilo 1.2 za chokaa. Katika miezi sita ya kiangazi ugumu umepanda kutoka miligramu 250 hadi 430. Akitumia klorini ya unga yenye kalsiamu, anauongeza zaidi bila kujua.

Wakati huo huo hewa ya kabonidayoksaidi hutoka taratibu kwenye uso wa maji, hasa penye chemchemi za mapambo au maji yanayoanguka, na kiwango cha pH hupanda. Ndipo chokaa huganda pembeni mwa bwawa, ndani ya pampu na kwenye chujio.

Kinga yake ni hatua chache zinazofuatwa bila kuchoka. pH ipimwe kila wiki na ibaki kati ya 7.2 na 7.6. Ugumu upimwe kila mwezi. Kwa bwawa la saruji au vigae, kiwango cha kalsiamu kati ya miligramu 200 na 400 kinafaa. Kuushusha chini sana nako ni kosa, kwani maji yenye njaa ya chokaa hula saruji iliyo kati ya vigae. Mstari wa maji usuguliwe kwa brashi kila wiki kabla haujawa mgumu. Bwawa lifunikwe lisipotumika, ili mvuke upungue.

Ugumu ukishazidi, hakuna haja ya kumwaga bwawa zima. Katika mfano wa hapo juu, kuondoa robo ya maji, yaani lita 10,000, na kuweka maji ya mvua mahali pake kunashusha ugumu kutoka 430 hadi karibu 320. Paa la mita za mraba 100 hukusanya kiasi hicho kwa milimita 100 za mvua, ikiwa mifereji haivuji. Mwenye bwawa anayejenga tangi la mvua kabla ya Novemba amepata dawa ya ukoko wa mwaka mzima. Maji hayo nayo yatiwe klorini kama mengine.

Jambo hili si la mwenye bwawa peke yake. Lita 40,000 ni ndoo 2,000 za lita 20. Katika mji ambao akina mama na watoto wamezoea kupanga madumu kwenye foleni ya maji, bwawa linalomwagwa na kujazwa upya kwa sababu ya uzembe wa kusugua vigae ni hasara ya mtaa mzima. Maji yanayotolewa yaachwe kwanza siku kadhaa bila kutiwa klorini, ndipo yatumike kusafishia au kumwagilia miti. Yasielekezwe kwenye kijito wala shamba la jirani. Na bwawa lolote, lililojaa au lililobaki nusu, liwe na uzio na lango linalofungwa. Maji machache yanatosha kumzamisha mtoto.

Makosa yanayogharimu maisha

Kosa la kwanza na kubwa kuliko yote ni kuchanganya dawa. Baadhi ya dawa za kusafishia choo zina tindikali. Maji ya kung'arishia nguo nyeupe na dawa ya bwawa vina klorini. Vikikutana, iwe ndani ya ndoo, ndani ya choo au ndani ya tangi, hutoa hewa ya sumu inayounguza mapafu. Hata siki na klorini havifai kukutana. Ukitumia kimojawapo, suuza kwa maji mengi kabla ya kutumia kingine, na uvihifadhi mbali kimoja na kingine.

Kosa la pili ni kutumia tindikali ya betri kung'oa ukoko kwenye tangi, sufuria au vigae. Tindikali hiyo hupofusha macho na kuunguza ngozi, na ile iliyotoka katika betri iliyokwisha kutumika huwa na risasi, sumu inayodumaza akili za watoto. Chombo cha maji ya kunywa hakipaswi kuiona kamwe.

Kosa la tatu ni kumimina maji juu ya tindikali. Fundi wa bwawa anayelazimika kutumia tindikali maalumu ya kushusha pH avae glavu na miwani, asimame upande unaotoka upepo, amimine tindikali ndani ya maji na si maji ndani ya tindikali, atumie kiasi kilichoandikwa kwenye chombo, na watu wasiingie majini hadi pH ipimwe tena.

Aliyevuta hewa yenye sumu atolewe nje penye hewa safi. Aliyemwagikiwa machoni au kwenye ngozi aoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20. Aliyekunywa asilazimishwe kutapika. Wote wapelekwe kituo cha afya mara moja, pamoja na chombo cha dawa iliyohusika ili mganga aijue.

Wapi pa kuuliza

Mkazi anayepata maji ya bomba mjini, akiona rangi, harufu au masimbi yasiyo ya kawaida, atoe taarifa kwa mamlaka ya maji inayomhudumia. Vijijini, taarifa ipelekwe kwa chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, kilicho chini ya uangalizi wa RUWASA, wakala ulioundwa kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019. Anayetaka kuchimba kisima kirefu awasiliane kwanza na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa, au ya Bonde la Ziwa Nyasa kwa maeneo ya Ileje ambayo maji yake huelekea huko. Kwa usafi wa matangi, visima na mabwawa, afisa afya wa kata ndiye wa kuulizwa, na ofisi ya mtendaji wa mtaa au kijiji itamwelekeza mwananchi mahali pa kumpata.

Kwa nyumba ya kawaida, kazi ya kuanzia ni ndogo: chupa mbili, kipande cha sabuni na maji ya mvua ya kulinganisha. Majibu ya chupa hizo ndiyo yataonesha kama nyumba inahitaji siki ya mwezi hadi mwezi, tangi la mvua, au haihitaji kitu chochote.